Jino Lililokataa Kushika

Jumamosi, 8 Machi

Daktari Adhiambo amenipa karatasi yenye visanduku. Kila siku nitie alama: maumivu, damu, uvimbe. Nimefundisha Kiswahili miaka thelathini na moja na siwezi kutia alama kwenye kisanduku nikaacha kueleza. Kwa hiyo karatasi yake nimeikunja, nimechukua daftari la mazoezi lililobaki muhula uliopita.

Leo amenipandia skrubu mbili ndogo kwenye taya la juu, mahali palipokuwa meno yangu ya mbele. Anasema mfupa utachukua miezi minne kuzishika, ndipo avalishe meno yenyewe juu yake. Kwa sasa nitavaa meno ya muda, ya kubandika na kubandua, ya kuonekana tu. Nisiume nayo kitu. Nilimwambia kwetu Khayega kila mtu anapanda mahindi wiki hii na mimi ndiye shamba. Alicheka, akaniambia nifungue mdomo. Ganzi ilifanya kazi yake, lakini mlio wa mashine niliusikia mpaka kisogoni.

Meno hayo yaling'oka tarehe 26 Oktoba mwaka jana, pikipiki yangu ilipoteleza kwenye tope la barabara ya kutoka Shinyalu. Mke wangu Sellah alikuwa nyuma yangu. Mimi nilipoteza meno mawili, yeye alifia pale pale. Alikuwa na haraka ya kufika nyumbani kwa sababu ya mahindi aliyoyaanika uani. Ndivyo nilivyoeleza matangani.

Binti yetu Nekesa ndiye aliyeshikilia jambo hili la meno. Anafanya kazi maabara mjini Kakamega, na tangu mazishi analala hapa nyumbani kunichunga. Alisema watoto darasani wananicheka nikitamka "fafanua". Ni kweli wanacheka. Nilimkubalia kwa sharti moja: habari isifike Malinya, kwao Sellah. Watasema nini wakisikia mke yuko kaburini na mume anajipamba meno?

9 Machi

Uso umevimba. Mdomo wa juu si wangu tena.

10 Machi

Nekesa amenipikia uji wa wimbi na kuupoza. Ameweka vidonge vya maumivu kwenye kisahani, viwili, na glasi ya maji. Alipoondoka kwenda kazini nikavirudisha kwenye pakiti. Sijui niandike nini juu ya hilo. Maumivu yalinishika kuanzia puani hadi nyuma ya jicho, nikaketi nayo mpaka saa nane.

12 Machi

Mvua ya kwanza ya kweli. Jirani zetu wote wako shambani. Nilimuuliza Nekesa tutapanda lini, akasema shamba tumkodishie mtu au liote magugu. Hataki kuona mahindi katika ua huu. "Mama alituacha kwa ajili ya debe la mahindi," alisema. Hakusema kwa hasira, alisema huku anaosha sufuria. Ningeweza kusema neno. Nilionyesha mdomo wangu kwamba unauma.

18 Machi

Nyuzi zimetolewa. Daktari ameridhika. Chakula laini tu, na nitafunie nyuma.

24 Machi

Nimerudi darasani na meno ya muda. Gredi ya Sita waliniangalia mdomo kipindi kizima. Somo lilikuwa methali. Nilianza na ile ya haraka haraka haina baraka, nikawaomba watunge kisa. Maurine, ambaye huuliza maswali kama hakimu, akasimama: je, kama aliyekosa baraka siye aliyekuwa na haraka? Nilimwambia aketi, hilo tutalijadili. Sikulijadili. Niliwapa zoezi la kuandika na nikasimama dirishani mpaka kengele.

Jumapili, 6 Aprili

Shule zimefungwa. Lusweti, kaka yake Sellah, amepiga simu baada ya kanisa. Mama yao ameniita Malinya Jumamosi ijayo.

Nieleze jambo hili vizuri. Ukweni kwangu, mume aliyefiwa na mke hakanyagi huko mpaka aitwe. Akiitwa, huchinjiwa kuku. Firigisi huwekewa yeye, nzima. Akiila, bado ni mkwe wa boma lile. Akiiacha sahanini, amejitoa mwenyewe. Nimengoja mwito huu miezi mitano. Wapo wanaume walioungoja mpaka wakaoa tena, na wapo ambao haukufika kamwe.

Siku ya mazishi Lusweti aliniuliza mara tatu nani alitaka kuondoka Shinyalu mvua ikiwa inanyesha, na mara tatu nilimjibu Sellah.

11 Aprili

Nekesa anasema niwaambie tu kwamba nina kidonda kinywani. Nikamwambia ni rahisi kwake kusema. Nimenyoa ndevu.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimerudi kutoka Malinya jioni. Taya lote linapiga.

Waliniketisha sebuleni kwa Lusweti. Mama mkwe alikuwa chumba cha pili, pazia limeshushwa, kwa sababu mkwe haonwi na mama mkwe akila wala yeye haonwi na mkwe. Nilimsikia akikohoa. Ana zaidi ya miaka themanini na kikohozi chake ni cha mtu mdogo, kifupi. Mezani tulikuwa Lusweti, mzee Wekesa wa kanisa lao, na mimi. Edah, mke wa Lusweti, alileta maji ya kunawa, obusuma, yaani ugali, mboga za kienyeji, halafu ingokho, kuku wangu, ndani ya bakuli la kifuniko. Alikuwa tetea aliyezeeka. Sikuhitaji kumwonja kujua, nilimwona mfupa.

Nilianza na obusuma na mchuzi. Nilikata vipande vidogo, nikamumunya. Nilizungumza sana, nikauliza habari za chai, za ng'ombe, za barabara. Lusweti alikuwa anakula na kunitazama. Mwishowe akachukua bakuli, akaichota firigisi kwa kijiko, akaiweka katikati ya sahani yangu.

"Mulamwa, shemeji yangu, hiyo ni yako," alisema. "Hapa hatukatangi na kisu."

Niliijaribu kwa magego. Iliteleza, ilikuwa kubwa na ngumu. Niliigeuza upande wa pili. Mzee Wekesa aliacha kutafuna. Nyuma ya pazia kikohozi kilinyamaza, na nikajua mama anasikiliza kama nitaila au la. Nikaishika kwa vidole, nikaiuma kwa mbele, kwa meno ya muda, nikavuta. Kitu kilisogea ndani ya mfupa. Hakikuvunjika wala hakikulia, kilisogea tu. Machozi yalinitoka nikasema ni pilipili. Hakukuwa na pilipili.

Niliila yote. Edah akaja kutoa vyombo, akaiona sahani, akaenda nyuma ya pazia. Nikasikia mama akisema neno moja ambalo sikulishika. Kisha akauliza kwa sauti kama baba Nekesa ana lolote la kusema kabla hajaondoka. Nikashukuru kwa kuku. Nikaomba wamsalimie kila mtu. Lusweti alinisindikiza hadi barabarani, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akanipa mkono.

Kwa hiyo bado ni mkwe. Nimeandika sentensi hii mara mbili na kuikata mara moja.

13 Aprili

Nimemwambia Nekesa nilikula mchuzi tu.

15 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Fizi ya kushoto nyekundu. Nimesukutua maji ya chumvi mara sita.

17 Aprili

Usaha. Vidonge bado sinywi.

Jumanne, 22 Aprili

Daktari Adhiambo aligusa skrubu ya kushoto kwa ncha ya chombo chake na ikazunguka. Hakunikemea. Aliniuliza niliuma nini. Nikasema sikumbuki. Akasema, "Mwalimu, hii haijashika na haitashika. Inatoka leo." Ya kulia iko imara.

Kuipanda kulikuwa kazi ya mashine na mlio mwingi. Kuitoa kulikuwa kitu cha dakika mbili, aliifungua kwa mkono, kinyumenyume. Aliikwangua fizi mpaka chini na kuishona. Nikamuuliza itapandwa lini nyingine. Alisema mfupa umeliwa na usaha, tungoje miezi, tena haahidi kitu.

Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia. Alitaka kujua nimemaliza vidonge vingapi. Nikamwonyesha pakiti, karibu imejaa. Alivua glavu, akaziacha mezani, akaketi. Alisema ana wagonjwa wanaoogopa dawa na ana wagonjwa wanaotaka kuumia, na wa pili ndio wanaomchosha. Nekesa alikuwa amesimama mlangoni na amesikia.

23 Aprili

Nekesa amenipa dawa mkononi na akasimama mpaka nikameza. Maumivu yalipotulia ndipo nikaona yalikuwa yananisaidia kutofikiri.

4 Mei

Shamba tumemkodishia jirani. Mahindi yake yamefika magotini. Nekesa hupita njia ya nyuma asiyaone.

Jumamosi, 10 Mei

Daftari hili halisomwi na mtu. Basi na liwe na ukweli angalau.

Sellah hakuwa na haraka. Tulikuwa tumejikinga barazani pa duka moja Shinyalu, mvua inamwagika. Yeye alikuwa ameketi juu ya gunia la chumvi akizungumza kwenye simu, ametulia. Mwenye duka akanitania. Alisema pikipiki ya mwalimu ni ya jua, ikiona tope inaomba ruhusa. Watu walicheka. Na mimi, mtu wa miaka hamsini na saba, mzee wa kanisa, nikasimama na kuvaa kofia ya pikipiki. Sellah alisema tungoje kidogo. Nikamwambia kama anaogopa abaki. Akafunga leso kichwani, akapanda.

Mahindi kweli yalikuwa uani. Yalikuwa yamefunikwa na turubai, aliyafunika mwenyewe kabla hatujatoka. Niliyataja siku ya kwanza kwa sababu mtu aliniuliza na ndicho kilichokuja mdomoni. Siku ya pili watu walikuwa wanarudia maneno yangu. Siku ya mazishi hata mchungaji aliyataja, kuhusu mama mwenye bidii asiyetaka chakula cha wanawe kiharibike. Njia ya mwongo ni fupi, nimeifundisha hiyo miaka yote. Yangu imefika mwezi wa saba na bado naitembea.

Nekesa ana hasira na mama yake aliye kaburini, na hasira hiyo nimempa mimi.

11 Mei

Nilitaka kumwambia baada ya kanisa. Alikuwa anaimba jikoni. Sikumwambia.

25 Mei

Mvua. Mshono umepona.

1 Juni

Nekesa alikwenda Malinya kumwona kukhu, nyanya yake, ambaye hajiwezi sana siku hizi. Amerudi jioni. Wakati wa chakula akaniambia amemweleza kukhu habari ya meno, yote, hata ile skrubu iliyotolewa, na kwamba yeye mwenyewe sasa anajua nilikula nini kule, Edah amemwambia. Nilikasirika. Nikamkumbusha sharti letu. Akasema kukhu aliuliza mbona Edah anasema mdomo wa baba yako umekunjamana, na yeye hana uwezo wa kumdanganya mgonjwa.

14 Juni

Lusweti amepiga. Mama ni wa kitandani sasa. Anataka nije.

Jumamosi, 21 Juni

Nilidhani nitaketi tena sebuleni. Edah akanipeleka moja kwa moja hadi mlango wa chumba cha mgonjwa. Kiti kilikuwa kimewekwa kizingitini, kimetazama nje, ili niwe nimeingia na sijaingia. Mama aliwaambia wengine watoke. Haya aliyasema kwa lugha yetu, mimi nayaandika kwa Kiswahili.

Aliniuliza kama jino linauma bado. Nikasema la. Akaniuliza mbona nilikula.

"Mama, ningekataaje?"

"Ungesema una kidonda. Una mdomo."

Nilitazama ua. Kulikuwa na kuku wawili na beseni. Nikamwambia, "Mama, Sellah hakuwa na haraka siku ile."

"Najua," akasema.

Nilimgeukia. Haifai, lakini nilimgeukia. Alikuwa amelala ubavu, ananitazama. Alisema Sellah alikuwa akizungumza naye kwenye simu pale barazani. Ni yeye aliyekuwa upande wa pili. Alimsikia Sellah akisema, baba Nekesa ametaniwa na mwenye duka sasa anataka kuwaonyesha watu, acha nipande nikamshike asianguke peke yake. "Alikuwa anacheka," mama alisema. "Hakuwa amekukasirikia. Alikata simu anacheka."

Niliweka uso mikononi. Alingoja nimalize. Nilipoweza kusema nikamuuliza mbona amenyamaza miezi minane. Akasema kwanza alimwogopa Lusweti, asije akanitenda vibaya na boma likapoteza wawili. Baadaye alinyamaza kwa kuwa maneno hayo yalikuwa yangu kuyasema.

"Nilikuita uje useme. Kuku ilikuwa ya kukuleta hapa tu. Ukala mpaka ukajiumiza, ukanyamaza, ukaenda."

Nikamwomba msamaha. Alisema la kifo hana la kunisamehe, hilo ni la Sellah na Mungu, na anavyomjua Sellah lilishakwisha. Lake ni moja: nimemsingizia mtoto wake mahali ambapo hawezi kujibu. Niwaambie ndugu zake, na nianze na Nekesa. Nikaahidi. Nilitaka kuingia ndani nimwambie jambo zaidi, akainua mkono kwamba basi, ameshachoka.

22 Juni

Nekesa yuko zamu.

24 Juni

Nimeanza kumwambia, simu yake ikalia. Nilifurahi ilipolia.

26 Juni

Nimeamua Jumamosi, twende Malinya sote wawili, niseme mbele ya mama asikie. Itakuwa vizuri zaidi hivyo.

Ijumaa, 27 Juni

Mama amefariki leo alfajiri.

Lusweti alimpigia Nekesa, si mimi. Nekesa alilia sakafuni jikoni, mgongo ukutani. Nikaketi chini karibu naye. Hapo ndipo nilipomwambia, siku mbaya kuliko zote, kwa sababu nilijua nikiiacha ipite na hiyo sitasema kamwe. Nilimwambia kuhusu baraza, utani, kofia, turubai. Nilimwambia nyanya yake alijua, kwamba Sellah alikuwa akizungumza naye kwenye simu na aliikata akicheka. Aliacha kulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mahindi yalikuwa yamefunikwa?" Nikasema yalikuwa yamefunikwa. Akainuka, akanawa uso, akaenda Malinya bila kunitazama.

Jumamosi, 5 Julai

Mazishi. Waliwaita wakwe waseme. Nilisimama chini ya hema letu, kipaza sauti mkononi. Pengo la mbele liko wazi, meno ya muda nimeyaacha nyumbani. Maneno yalitoka na kithembe na baadhi ya vijana nyuma wakacheka mwanzoni. Nilisema Sellah aliomba tungoje mvua na mimi nikakataa. Nilisema mlichosikia mwaka jana kwenye mazishi ya Sellah ni uongo, na aliyeutunga ni mimi. Sikusema zaidi ya hayo. Ilikuwa fupi kuliko nilivyoiogopa.

Hakuna aliyecheka tena. Mchungaji hakujua aite nani. Lusweti alikuwa amesimama karibu na jeneza la mama yake, akanitazama kwa muda mrefu, kisha wimbo ulipoanza akaufuata. Hakunifukuza. Wakati wa chakula sahani yangu ililetwa na Edah, akaiweka na kuondoka. Nekesa aliketi na wajomba zake.

8 Julai

Nyumba kimya. Jirani ameanza kuvuna.

Jumamosi, 12 Julai

Daktari Adhiambo amevalisha jino la kulia. Limeshika. Pengo la kushoto limebaki na huenda likabaki. Aliniambia nitamke neno lenye "f". Nikatamka, akasema vizuri.

Niliporudi Nekesa alikuwa chumbani kwake anakunja nguo. Amepata chumba mjini. Sikumzuia. Nilimsaidia kubeba begi mpaka mlangoni, na hapo akasimama, mkono kwenye kitasa, mgongo kwangu. Aliniuliza mama yake alisema nini hasa kwenye simu. Nikamwambia: acha nipande nikamshike asianguke peke yake.

"Alikuwa anacheka?"

"Kukhu alisema alikuwa anacheka."

"Sema tena," akasema, "pole pole."

Nikasema tena, pole pole, neno kwa neno. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Halafu alichukua begi lake, akashuka ngazi, akapita njia ya mbele, kando ya mahindi ya jirani, mpaka sikumwona.